Hawakupiga Hodi

Kumtoa mdogo wangu Chekoslovakia na kumleta London kulinigharimu safari tisa za ubalozini, majira mawili ya baridi, na kibanda cha pembeni katika soko la Lewisham, ambacho nilinyang'anywa kwa sababu kila Jumanne nilikuwa sipo. Barua niliandika kumi na saba. Zilizofika ni kumi na mbili. Nimezihesabu mara mbili. Ile safari ya tisa nilikuta wamefunga, lakini naitia humohumo, maana miguu ilifika.

Sokoni nilikuwa nauza makoti ya mitumba. Nilikuja nchi hii na mume wangu mwaka uliofuata mapinduzi ya Zanzibar, na jambo la kwanza nililoligundua juu ya Waingereza ni kwamba wanakufa wakaacha makoti mazuri. Mume wangu alipata kazi jikoni hospitalini. Mimi nikaona siwezi kukaa chumbani natazama mvua, nikaenda sokoni. Wenzangu waliandika bei kwenye vibao wakavitundika. Mimi nilikuwa siandiki. Mteja akiuliza bei ya koti, namtazama viatu kwanza.

Kibanda kilichopakana na changu kilikuwa cha mzee mmoja Mhungaria aliyeuza vifungo, zipu na tepe. Tulifaana. Koti la mitumba halikosi kifungo kilichokatika, na mimi nilikuwa nikimletea wateja hata kabla hawajajua kuwa wana shida. Yeye aliniita "binti yangu" kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, nami nikamwita mzee, kwa Kiswahili, na akaitika tangu siku ya kwanza bila kuuliza maana yake.

Mdogo wangu nilimwacha Zanzibar kwa mama. Baadaye serikali ikamchagua kwenda Chekoslovakia kusomea uhandisi wa mitambo, na sote tulifurahi. Miaka ile wageni kutoka nchi za Mashariki walikuwa wengi kisiwani. Kabla sijaondoka niliwaona mafundi wa Ujerumani ya Mashariki waliokuja kwa ajili ya maghorofa. Walikuwa watu wema, wanacheka na watoto, ila kila mmoja alikuwa akitazama nyuma yake kwanza ndipo acheke. Niliona, nikadhani ni tabia ya kwao, kama vile sisi tunavyovua viatu mlangoni.

Kisha ukaja ule mwaka vifaru vilipoingia Chekoslovakia. Nilisikia kwenye redio asubuhi. Mzee wa vifungo alikuwa amekwisha kufika sokoni lakini hakupanga kitu mezani. Alikaa juu ya kisanduku chake, mikono magotini.

"Safari hii wamewachukua na vijana wetu," aliniambia. "Wahungaria. Miaka kumi na miwili nyuma vifaru vilikuja kwetu. Leo watoto wetu wamepandishwa juu yake kwenda kwa jirani."

Barua ya mdogo wangu ilinifikia baada ya miezi. Haikupita posta. Aliileta mwanafunzi mmoja wa Kighana aliyesoma naye, akipita London kwenda kumwona mjomba wake. Mdogo wangu aliandika kwamba katika bweni lao kila mwanafunzi, mwenyeji na mgeni, alipewa fomu yenye maswali, na mojawapo liliuliza majeshi ya nchi rafiki yaliingiaje nchini. Jibu lililotakiwa lilijulikana na wote: walialikwa. Ungeandika neno hilo moja, utie saini, uende ukale.

Yeye alijaza mistari sita. Alieleza kwamba kwao mtu aliyealikwa husimama nje ya mlango akapiga hodi. Asipojibiwa, hupiga ya pili, na ya tatu, na akikosa kusikia karibu hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Hawa, akaandika, walikuja usiku na vifaru na hawakupiga hodi. "Kwa hiyo mimi kwa malezi yangu siwezi kuwaita wageni." Akatia saini, na jina la kijiji.

Ndivyo alivyo. Kama angefungua mdomo tu akasema Warusi ni wabaya, pengine wangemkaripia wakamwacha. Lakini aliwapa somo la adabu.

Msimamizi wa bweni akachukua pasipoti yake "kuihifadhi", akamwambia kwamba mwaka wa masomo ukiisha atarudishwa Zanzibar pamoja na barua. Barua ya namna ile, katika Zanzibar ya miaka ile, isingehitaji kusomwa mpaka mwisho. Nilimfahamu mtu aliyepelekwa jela kwa kitu chepesi kuliko mistari sita. Mlango mmoja tu ulikuwa umebaki wazi: mwanafunzi wa kigeni aliweza kuruhusiwa kwenda likizo nje kama ana mzazi huko, au ndugu wa kuzaliwa. Ndugu alikuwa naye. Alikuwa Lewisham anauza makoti.

Jumanne ya kwanza nilivaa koti langu bora nikaenda ubalozi wa Chekoslovakia. Dirishani alikuwepo kijana mwembamba mwenye adabu, aliyenipa fomu ya kurasa nne. Niliijaza yote pale pale. Uhusiano: ndugu. Baba: baba yangu. Mama: mama yangu. Wiki mbili baadaye akaniita.

"Bibi, umeandika kwamba baba yenu ni mmoja na mama yenu ni mmoja."

"Ndiyo."

"Yeye, huko chuoni, ameandika baba mwingine na mama mwingine."

"Hao ndio waliomzaa."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni ndugu yake."

Aliweka kalamu chini akanitazama kama mtu anayetazama mashine iliyokwama. Nilimweleza kwamba mama yake ni mama yangu mdogo, mdogo wake mama, kwa hiyo ni mama yangu vilevile, na mtoto wake ni ndugu yangu. Kwetu ukimtambulisha mtoto wa mama mdogo kwa jina lingine lolote, watu watauliza mmegombania nini. Sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimejaza fomu yao kwa ukweli wa nyumbani kwetu, na sasa fomu mbili zimekutana kwenye meza moja na hazikusalimiana.

"Hii ni taarifa isiyo sahihi," akasema polepole. "Mtu anaweza kuuliza kwa nini ninyi mnamtaka sana kijana huyu huku."

"Mtu gani?"

Alitazama nyuma yake.

Nilibishana naye Jumanne tatu. Nilitumia kila nilichojua. Nilimchekesha, nilinyamaza, niliinuka nikajifanya naondoka, jambo ambalo sokoni huwa haliniangushi. Yeye alikaa tu. Jumanne ya tano niligundua kwamba koti lake, lililotundikwa ukutani, halina kifungo cha pili kutoka juu. Sikulilalia jambo hilo. Nilikwenda kwa mzee wa vifungo, tukatafuta kinachofanana, rangi ya kahawia, matundu manne, na Jumanne ya sita nikakiweka mbele yake dirishani.

"Si rushwa," nikamwambia. "Ni kifungo. Unakufa na baridi."

Uso ulimbadilika. Alikisukuma kurudi kwangu kwa ncha ya kalamu, bila kukigusa.

"Nikikichukua," akasema kwa sauti ya chini, "itanibidi niandike taarifa."

"Ya kifungo?"

"Ya kifungo."

Nilirudi Lewisham kwa treni nimekishika kile kifungo mkononi. Mzee wa vifungo aliposikia alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka akanivutia kisanduku nikae.

"Binti yangu, wewe ni mfanyabiashara lakini umekosea jambo la kwanza la biashara. Umebishana bei na mtu asiye na kibanda."

Ndipo akanieleza, baina ya mteja na mteja, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia yakielezwa hivyo. Kabla ya vita kuu alikuwa fundi katika kiwanda cha vifungo karibu na Budapest. Vita vilipokwisha, askari wa Kirusi waliowafukuza Wajerumani hawakurudi kwao. Mwanzoni kulikuwa na vyama vingi na uchaguzi. Kisha vyama vikapungua, kimoja kimoja, kama soko wakati wa mvua, kikabaki kimoja ambacho wakubwa wake walikuwa wameishi Moscow. Bendera ilikuwa ya Hungaria, waziri Mhungaria, polisi Mhungaria. Kiwandani mkurugenzi alikuwa Mhungaria aliyekuwa rafiki yake. Lakini asubuhi moja ulishuka mpango: kutengeneza vifungo vya aina moja tu, vikubwa, vya makoti ya askari.

"Tulivijaza kwenye mabehewa yakaenda mashariki," akasema. "Watu wa mji wetu, mji wenye kiwanda cha vifungo, wakafunga makoti kwa kamba. Nilimwambia rafiki yangu mkurugenzi, hebu tutengeneze vidogo kidogo, vya watoto. Unajua alifanya nini?"

"Alitazama nyuma yake."

"Alitazama juu. Kwetu tulitazama juu."

Halafu akanipa shauri ambalo nimelitumia mahali pengi tangu hapo. Kijana wa dirishani, alisema, hana ruhusa ya kupunguza hata senti. Aliye juu yake hana. Aliye juu ya huyo naye anaogopa. Basi usimletee ukweli wako, ataufanyia nini? Mletee karatasi atakayojifichia nyuma yake siku atakapoulizwa.

Nikafikiri. Karatasi ya kusema tumezaliwa tumbo moja singeipata, maana hatukuzaliwa tumbo moja. Lakini kulikuwa na jambo ambalo nyumbani lilijulikana sana hata likawa halisemwi. Mdogo wangu alipozaliwa, mama mdogo alishikwa na homa akakaukiwa maziwa. Mama yangu alikuwa ananyonyesha. Alimchukua akamnyonyesha miezi mitano pamoja na mdogo wangu wa kike. Kwa sheria yetu huyo ni ndugu yangu kabisa. Hawezi kunioa mimi wala kumwoa dada yangu yeyote, nami sijifuniki mbele yake. Ni ndugu kwa dini, hata angekuwa ametoka Chekoslovakia penyewe.

Nilikwenda kwa shehe mmoja mashariki ya jiji, mtu wa Lamu, mkali. Aliniuliza maswali mpaka nikatoka jasho: alinyonya mara ngapi, alikuwa hajatimiza miaka miwili, nani aliona. Mimi niliona, nilikuwa na miaka kumi na moja, ndiye niliyekuwa nikimbeba kumpeleka. Aliniapisha, akaandika barua kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, akagonga mhuri. Kutoka hapo nikaenda kwa wakili mwenye ofisi juu ya duka la viatu Lewisham, akagonga ya kwake miwili. Nilimwomba wa tatu. "Wa nini?" akauliza. Nikamwambia pale pembeni pamebaki nafasi.

Mzee wa vifungo aliikagua kama anayekagua noti. Akakata tepe yake nyekundu akaipitisha kwenye matundu ya karatasi, akafunga fundo.

"Nyekundu wataipenda," akasema.

Kijana wa dirishani aliisoma karatasi ile mara mbili. Fikiria: ofisi isiyomtambua Mungu inasoma fatwa ya maziwa. Nilimwona akihesabu mihuri. Kisha, kwa mara ya kwanza katika safari zote, mabega yake yakashuka.

"Hii," akasema, "naweza kuiambatisha."

Iliambatishwa. Ikaenda ilikokwenda, na mbali zaidi, maana miezi minne ilipita. Majira ya pili ya baridi yalipokuwa yanamalizika, kibali kikatoka: siku kumi na nne.

Nilimpokea stesheni ya Victoria. Alikuwa amekonda, na koti alilovaa lilinitia aibu ya kikazi. Nilimvua pale pale nikamvisha lingine.

"Dada, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Hili wanaweza kulinunua."

Nilikuwa nimekwisha kununua kitanda. Mume wangu alikuwa amemwulizia kazi jikoni hospitalini. Kurudi hakukuwa jambo la kujadiliwa. Mimi nilikuwa nimeshalifunga. Siku ya kwanza alilala. Siku ya tatu akacheka. Siku ya kumi nikamkuta anafungasha begi.

"Unakwenda wapi?"

"Nitarudi, dada. Siku zinakwisha."

"Umechanganyikiwa? Ukarudi kwa nani?"

Akaketi kitandani, na ndipo akanieleza jambo alilolificha. Ile fomu ya hodi hakukubali kuiandika upya, hata nilipomwandikia barua tatu za kumsihi asaini tu. Aliyemwokoa ni mwenzake wa chumbani, kijana wa kule kule, mtoto wa mwalimu wa shule. Alikwenda mwenyewe kwa msimamizi akamwambia kwamba Mwafrika huyu hakulielewa swali, alifikiri anaulizwa desturi za kwao. Msimamizi akaahirisha kumrudisha Zanzibar, lakini akauliza, akienda likizo nani atamdhamini kuwa atarudi? Yule kijana akatia saini.

"Alijua?" nikamwuliza. "Alijua kwamba huenda usirudi?"

"Hatukusema. Mle ndani hakuna anayesema. Alinipa mkono tu, akaniambia nikusalimu."

Nilihesabu tena. Upande mmoja mdogo wangu, na jela inayomngojea mwisho wa safari. Upande wa pili kijana nisiyemjua, mtoto wa mwalimu. Nilipohesabu mara ya pili jibu halikubadilika, ila halikunifurahisha. Ndipo nikaelewa kitu ambacho mzee wa vifungo hakunieleza. Nilikuwa nikijiuliza wale watu wachache wa Moscow wanawezaje kuzishika nchi zote zile. Kumbe hawashiki kila mtu. Kila mtu amemshika mwenzake, kwa saini.

Siku ya kumi na moja nilimpeleka sokoni. Mzee wa vifungo alimsikiliza mpaka mwisho huku akipanga vifungo vyake kwa ukubwa.

"Mwaka niliovuka mpaka," akamwambia, "kaka yangu alibaki. Walimfukuza kazi kwa ajili yangu. Ukirudi, mwanangu, watakufunga wewe, na rafiki yako hawatamsahau hata hivyo. Wameshaandika jina lake. Mtakuwa wawili."

"Na wewe hujutii?"

"Najuta kila siku," akasema mzee. "Najuta nikiwa hapa. Huko ningejuta vilevile, na vifungo visingekuwepo."

Mdogo wangu alitembea peke yake siku nzima. Jioni alirudi, akalitoa begi mlangoni, akazirudisha nguo kwenye kabati moja moja. Nikaona nisimwulize. Nilipika wali. Siku ya kumi na tano niliamka nikahisi kama mtu amekwisha kulia nyumbani, ingawa hakuna aliyelia.

Alianza kazi jikoni, akasoma jioni. Hatukupata neno kutoka kule kwa miezi mitano. Kisha yule mwanafunzi wa Kighana akapita tena kwenda kwa mjomba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya soksi. Ilitoka kwa yule mtoto wa mwalimu. Mdogo wangu alinisomea, akifasiri mstari kwa mstari.

Alikuwa amefukuzwa chuoni. Sasa anachochea makaa kwenye tanuri la kupasha moto majengo, kazi ambayo, alisema, ina wasomi wengi kuliko chuoni, maana waliofukuzwa huishia huko. Hakutulaumu popote, niliitafuta lawama mara mbili. Lakini juzi wamemwita. Wamemwambia anaweza kurudi masomoni kama atasaini kwamba mdogo wangu alikuwa mpelelezi, kwamba alimdanganya, na kwamba dada yake wa London ndiye aliyeongoza mambo. Amewaomba wiki tatu afikiri. Anaona aibu kusaini, na anaona aibu kwa mama yake kutosaini. Akamalizia: majina ni yenu, kwa hiyo nawauliza ninyi.

Mdogo wangu alikuwa na machozi. Mimi nilikuwa nimeshachukua kalamu.

"Mwambie asaini," nikasema.

"Dada, mimi nilikataa kusaini la vifaru."

"Wewe ulikataa, yeye akalipa. Sasa ni zamu yetu. Andika."

"Watakuandika wewe mpelelezi!"

"Wataniongezea heshima sokoni. Andika, mwanakwetu, huyu Mghana ana treni."

Akaandika. Mimi nilisema, yeye akatia kwa Kicheki, na nilimsomesha kila mstari upya kuhakikisha hajapunguza. Tulimwambia asaini leo, asingoje hizo wiki tatu. Aseme mdogo wangu alimdanganya. Aongeze kwamba alikuwa na tabia mbaya na anakoroma. Aseme dada ndiye kiongozi, mwanamke mjanja, muuza makoti, na kama wanahitaji jina kamili ni hili hapa, na la baba, na la babu. Uongo wowote watakaoutaka juu yetu awape, tena awape zaidi ya walioomba, wapate cha kupeleka juu. Sisi tuko London, hapa hautatufikia. Mwisho tukamwandikia: ila sisi hatujui huko wanapenda wapelelezi wa namna gani. Basi tafadhali, utushauri: tukuandikie barua ipi nyingine, ya kukutukana au ya kukushawishi, ambayo wakiikamata itakusaidia zaidi?